Walisema Nimelishwa Karuho

Kama umekohoa tangu mvua zilipoanza, na dawa za kwanza hazikusaidia, na watu wa nyumbani wanaacha kuzungumza ukiingia, kaa nami kidogo. Mimi nimepita hapo. Leo ninakula bugali bila kubembelezwa na ninapanda kilima cha kwenda shambani nikisimama mara chache tu. Mambo ya vidudu na mapafu nawaachia madaktari. Nitasimulia yale yaliyonipata, na yale yaliyompata mwingine kwa sababu yangu.

Jina langu ni Furaha. Nilizaliwa Bihambwe, huko Masisi, kwa wakulima wa maharage na mihogo, lakini vita vilitutoa huko. Mimi, mume wangu Bahati na binti yetu mdogo Neema tukafika Kitshanga na kupata kijumba cha mbao nyuma ya soko, karibu na kambi ya waliokimbia kama sisi. Bahati aliendesha pikipiki. Mimi nilishona. Cherehani yangu ilikaa mlangoni, mahali penye mwanga, na wanawake walinijia na vikwembe vyao, vitenge vya kushonwa nguo.

Mlango uliofuata ulikuwa wa Mama Riziki. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye kucheka kwa sauti ya chini. Alitoka upande mwingine wa Masisi na pale Kitshanga hakuwa na ndugu hata mmoja. Alikamua ndizi mbivu, akachuja maji yake na kuyauza katika vikombe kando ya njia. Kinywaji hicho tunakiita mutobe. Watoto wa mtaa wote walikipenda.

Kikohozi kilianza wakati maharage yanatoa maua. Mwanzoni nilidhani ni vumbi la vitambaa. Halafu jasho likaja, jasho la kulowesha shuka hadi Bahati akauliza kama nimemwagikiwa na maji. Fundi wa nguo huuona mwili kupitia nguo. Nilipunguza sketi yangu ya Jumapili, baada ya muda nikaipunguza tena, na mara ya tatu sikuwa na pa kukunja. Nikaanza kujifunga kikwembe na kukaza kwa kamba. Mifupa ya mabega ilitokeza. Neema alikuwa akiigusa na kuuliza kama inauma.

Kwenye kituo cha afya tulikaa juu ya mabenchi ya mbao, tumebanana, kila mtu na joto la ugonjwa wake. Nilipewa dawa za malaria. Niliporudi nikapewa dawa ya maji ya kikohozi. Niliporudi tena, muuguzi alinisikiliza mgongo na kusema ilifaa makohozi yangu yapimwe, ila vifaa vya kupimia vilikwama njiani.

“Barabara ikifunguka, utarudi, mama,” alisema.

Barabara haikufunguka. Kila nilipokwenda kuuliza, kulikuwa na mapigano mahali fulani kati yetu na mji wa Goma, na muuguzi alitikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Watu walisema, hospitali imeshindwa kuona kitu, basi si ugonjwa wa hospitali. Na kwetu ugonjwa usioonekana hospitalini, unaokausha mtu huku anakohoa, una jina. Wanauita karuho, sumu ya polepole inayowekwa katika chakula au kinywaji na mtu unayemwamini.

Wakati huo chakula kigumu hakikushuka tena. Sombe, mboga ya majani ya mihogo niliyoipenda, ilinuka kama majani mabichi. Kitu pekee nilichoweza kumeza ni mutobe. Mama Riziki aliliona hilo, akawa ananiletea kikombe kila siku kabla ya kwenda kuuza. Alinishika kisogo kama mtoto mchanga ili nisipaliwe.

“Kunywa kidogo kidogo, mutoto wangu,” alikuwa akisema. “Hakuna mwenye anakufukuza.”

Bahati alikuwa na dada yake mkubwa huko Goma, jina lake Esperance. Nataka mjue alikuwa mtu wa namna gani, maana si mtu mbaya. Siku ya ndoa yangu yeye ndiye aliyenisuka. Neema alipozaliwa alikuja na kutufulia nguo mpaka nilipopata nguvu. Alikuwa mtu wa maombi. Alipopiga simu kuuliza hali yangu, Bahati alimwambia ukweli nikisikia kutoka kitandani.

“Hakuli. Anakunywa tu mutobe ya ule mama jirani.”

Nikasikia sauti ya Esperance kwenye simu, nyembamba.

“Ule mama ni muntu wa wapi?”

Bahati akamwambia.

Siku hiyohiyo Esperance alirekodi ujumbe wa sauti na kuutuma katika grupe ya familia, ile ambamo tulikuwa tukipeana habari za vifo na harusi. Baadaye niliusikia mara nyingi kuliko nilivyotaka, kwa hiyo ninaweza kuuandika jinsi ulivyokuwa: “Familia, tumuombee muke ya Bahati. Wamemulisha karuho kule Kitshanga. Kuko mama moja jirani, anauzisha mutobe, njo anamupa kila siku. Mungu amufunue. Mutume kwa wengine wenye kuomba.” Alikuwa analia alipokuwa anasema, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Nadhani ndiyo sababu watu waliuamini.

Ujumbe ule ulitoka kwa familia ukaingia kwa wanakwaya, kutoka kwa wanakwaya ukaenda kwa waendesha pikipiki, kutoka kwao ukafika kwa wafanyabiashara wa soko. Kila aliyeupokea aliongeza kidogo, kama mtu anayetia chumvi katika chungu cha mwenzake bila kuonja. Mmoja aliandika kwamba mama huyo amekwisha kuua watu wengine. Mwingine alitia picha ya maiti ambayo hakuna aliyejua ni ya wapi. Mwingine alipata picha ya Mama Riziki, aliyopigwa kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, akachora duara jekundu kuzunguka uso wake.

Mimi sikuwa na habari. Simu yetu ilishinda na Bahati barabarani. Niliusikia ule ujumbe kwa mara ya kwanza kwenye benchi la kituo cha afya.

Nilikuwa nimejiegemeza ukutani, kitambaa mdomoni. Mwanamke aliyekaa karibu nami, mwenye mtoto mgongoni, alitoa simu na kuiweka kati yake na mwenzake. Sauti ya wifi yangu ikatoka. Nilidhani ni homa. Ikasema Bahati, ikasema Kitshanga, ikasema mutobe. Benchi zima liliinama kusikiliza.

“Huyo mama alishakufa tayari,” mwanamke yule aliwaambia wengine. “Wamemuzika juma iliyopita. Maskini, ameacha mutoto mudogo.”

“Na ule mulozi anauzisha bado?”

“Bado. Picha yake njo hii. Ngoja nikutumie, na wewe utumie batu ya kwenu, wajichunge.”

Nilitaka kusema ni mimi, niko hapa. Nilifungua mdomo na kikohozi kikanishika. Nilikohoa mpaka macho yakaona giza, na kitambaa kikatoka na damu. Yule mwanamke alinishika mkono kwa huruma, akanisaidia kukaa vizuri, akanipangusa kidevu kwa ncha ya kikwembe chake mwenyewe. Kisha akarudi kwenye simu yake na kumalizia kutuma.

Nilipopata pumzi nilimwambia, “Dada, huyo muke ya Bahati ni mie. Hakuna muntu alinilisha kitu.”

Alinitazama kifuani, akaitazama damu. Alisogea kidogo, akamvuta mtoto mbele.

“Kama ni wewe, basi kimbia ule mama,” alisema. “Bado hujui.”

Bahati aliporudi nilimwomba ampigie dada yake. Esperance aliufuta ujumbe palepale, bila kubishana, lakini ulikuwa umekwisha kukaa katika simu za watu asiowajua. Alisema, “Nimefuta, lakini iko kwa batu sasa.” Bahati aliweka simu mfukoni, akakaa mlangoni na kunipa mgongo.

“Na kama ni kweli?” aliniuliza.

“Wewe mwenyewe umekunywa mutobe yake.”

“Mimi nakunywa mara moja moja. Wewe ni kila siku.”

Tulikuwa tumekaa pamoja miaka mingi, tumekimbia risasi tumeshikana mikono, lakini siku ile niliona kwamba kikombe cha ndizi kimeingia kati yetu. Kesho yake alinipeleka kwa mganga wa kienyeji anayetapisha watu. Mganga alininywesha majani machungu mpaka nikatapika maji ya kijani, kisha akaonyesha kitu cheusi ndani ya beseni na kusema njo hiyo, yaani ndiyo hiyo sumu. Mtu mmoja aliyekuwa pale akakipiga picha. Nayo ikatumwa.

Mama Riziki alikuja mlangoni kwangu bila kikombe. Hakuingia. Siku hizo hakuna mtu aliyenunua tena kwake, na mutobe wake ulikuwa umechacha katika madumu.

“Mutoto wangu,” alisema, “banaonyesha sura yangu katika simu. Useme na mudomo yako. Nilikulisha kitu?”

“Hapana, mama. Ulinilisha uzima.”

“Basi useme mbele ya batu.”

Nilisema. Bahati alikubali kunishikia simu, ingawa hakunitazama, nikarekodi: mimi ni Furaha, mke wa Bahati, niko hai, Mama Riziki hakunipa sumu, ninaumwa kifua tu. Ilichukua muda mrefu kwa sababu kila sentensi ilikatwa na kikohozi. Tukatuma katika familia, Bahati akatuma kwa wenzake wa pikipiki. Watu waliisikiliza. Wengine walisema si sauti yangu, mbona inakwaruza hivyo. Wengine walisema huyo mama amenifunga ulimi. Wachache waliniamini, lakini hawakuituma kwa mtu, kwa kuwa haikuwa na kitu cha kumstua mtu.

Walimjia Mama Riziki mchana, watu wazima na vijana, baadhi yao wateja wangu. Nilisikia madumu yakipasuliwa na mutobe ukimwagika, ukapita chini ya ukuta wetu hadi kwenye miguu ya cherehani. Walimpiga. Niliburuta miguu hadi mlangoni nikapiga kelele, ila kelele zangu zilikuwa kama za kuku aliyekabwa. Bahati alikuwa amefika wakati huo. Nilimwona akisimama, akinitazama, kisha akaingia katikati yao na pikipiki yake ikiwa inanguruma, akampandisha Mama Riziki nyuma, na kuondoka naye. Damu ilikuwa inamtoka kichwani. Wengi wa wale walioshika simu hawakumpiga. Walikuwa wanamchukua video.

Bahati alimshusha kwenye njia ya kwenda Mweso, kwa kuwa aliogopa kwenda mbali zaidi. Alirudi akaketi kando yangu, na kwa mara ya kwanza tangu dada yake apige simu ile, akanishika mkono.

“Hakusema kitu njiani,” aliniambia. “Aliuliza tu nani atakupa ya kunywa.”

Kabla hatujajua cha kufanya, vita vilifika Kitshanga. Tulitoka na godoro, sufuria na kichwa cha cherehani, meza yake tukaiacha. Tulipita njia za msituni, zisizopitika kwa pikipiki, kuelekea Walikale. Sehemu nyingi Bahati alinibeba mgongoni, na Neema akawa anatembea ameshika kikwembe changu. Mwili wangu ulikuwa mwepesi kiasi kwamba alinibeba kama mzigo wa majani ya mihogo. Tulifikia kijiji cha Mpofi, kwa mjomba wa Bahati, mkulima mpole aliyetupa chumba cha kuhifadhia mavuno.

Huko Mpofi kuna kituo kidogo cha afya chenye bati lililotoboka. Muuguzi alinipa kichupa na kuniambia nikohoe ndani yake asubuhi, kabla ya kula. Kilipelekwa kwa pikipiki mahali wanapopima. Tulingoja. Mvua ilinyesha, madaraja yakaharibika, tukangoja tena. Siku majibu yaliporudi, muuguzi alitoka nje kunifuata kwenye benchi, akainama ili wengine wasisikie.

“Mama, ni kifua kikuu. Dawa iko hapa. Ukimeza yote utapona.”

Bahati alikuwa amesimama nyuma yangu. Alirudia maneno yale: kifua kikuu. Kisha akaondoka, akaenda nyuma ya kituo, na alipokawia nilimfuata nikamkuta amechuchumaa kwenye matope, amefunika uso kwa mikono yake yote miwili.

“Ningeweza kumupeleka Mama Riziki mbali zaidi,” alisema. “Kulikuwa mafuta kwa pikipiki.”

Matibabu yalikuwa ya miezi sita. Yeyote anayeyaanza na asishtuke: mkojo unakuwa mwekundu kama chai ya rangi, hata machozi hugeuka rangi. Viungo viliniuma hadi nikashindwa kushika sindano. Vidonge vilikuwa vikubwa na tumbo lilivikataa, na muuguzi alinisimamia mpaka nimeze mbele yake. Nililala peke yangu chumbani, mlango wazi, na Neema aliketi uani akinisimulia mambo ya kuku wa yule mjomba, aliyemwita babu. Kumkataza asinikumbatie kuliniuma kuliko viungo. Yeye na Bahati walipimwa, na hawakuwa na ugonjwa. Siku hiyo nilimeza dawa bila kulalamika.

Huruma ndogondogo zilikuwepo. Mke wa mjomba alinipikia uji wa mtama na kuuacha dirishani, umefunikwa kwa jani la ndizi. Mgonjwa mwenzangu, mzee mmoja wa Mpofi, alinifundisha kumeza kidonge na kipande cha ndizi. Lakini hata huko msituni ujumbe ulikuwa umetutangulia. Wanawake waliokimbia kutoka Masisi hawakuuza kinywaji chochote sokoni, maana hakuna aliyekinunua. Niliwaambia watu, mimi ndiye yule, na ninatibiwa kifua kikuu. Walisikiliza kwa adabu na wakaendelea kupita mbali na vikombe vya wageni.

Kufikia mavuno ya maharage nilikuwa nimefumua mikunjo ya sketi. Nyama ilirudi mabegani. Bahati alichonga meza ya mbao, akafunga kichwa cha cherehani juu yake, nikaanza kushona tena.

Habari za Mama Riziki nililetewa na Papa Kambale, yaani Baba Kambale. Ni mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki, mwenye duka pale Mpofi na lori linalopita Masisi barabara ikiruhusu. Nilikuwa nimemwomba aulize popote anapopita. Alikuja nyumbani, akavua kofia, akakataa kiti.

“Mama Furaha, nilimupata, lakini nilichelewa,” alisema. “Alifika kwenye kambi moja karibu na Mweso. Bakamutambua na ile picha. Hawakumupiga. Bakamuacha tu. Hakuna mwenye alikula naye, hakuna mwenye alimupa nafasi ndani ya hema. Alishikwa na kuhara, mvua ikiwa inanyesha. Bakasema tusimuguse. Katekista njo alimuzika.”

Bahati aliuliza kama kaburi lina alama. Papa Kambale alisema hakujua.

Nilipomaliza dawa, Esperance alikuja kutoka Goma kwa njia ndefu, na nguo za Neema ndani ya mfuko. Aliponiona alipiga magoti barabarani akamshukuru Mungu. Alinishika mashavu, akanigeuza huku na huku kama nguo mpya, akanipiga picha. Jioni, tukichambua maharage, nilimwambia.

“Dada Esperance, ule mama amekufa.”

“Nilisikia.”

“Hakunilisha kitu. Ilikuwa kifua kikuu. Nimemeza dawa na nimepona.”

Alichambua maharage kwa muda.

“Mie sikumutupia muntu jiwe,” alisema. “Niliomba maombi tu.”

“Najua.”

“Nilikupenda, Furaha. Niliona unakufa.”

“Najua, dada. Basi usitume tena kitu juu yangu.”

Alikuwa ametuma tayari, palepale barabarani, kabla hata hajaingia ndani. Picha yangu nikiwa na mashavu ilizunguka kama ujumbe wa kwanza ulivyozunguka, ikiwa na maneno kwamba dada huyu alilishwa karuho huko Kitshanga, na maombi yameshinda sumu. Jina la Mama Riziki lilikuwemo. Hakuna aliyeandika habari za vidonge.

Ndivyo nilivyopata wageni. Juma lililopita alikuja mama mmoja na mke wa mwanawe, binti mwembamba aliyefunga kikwembe kwa kamba kiunoni. Mama alitoa simu, akalinganisha picha na uso wangu.

“Njo wewe,” alisema. “Tumetembea tangu asubuhi. Utuambie maombi yenye walikuombea.”

Binti alikohoa ndani ya kiganja na kukificha nyuma.

Niliwaketisha. Niliwapa uji, na nikaunywa wa kwanza mbele yao. Kisha niliwasimulia haya mliyoyasoma, yote, na binti alilia bila sauti. Nilimwonyesha sketi yangu, mahali nilipoipunguza na mahali nilipoifumua. Nilimwambia nitakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe.

Tulipokuwa tunatoka, mama yule alinivuta kando, akanong’ona ili mke wa mwanawe asisikie.

“Nimeelewa, mama. Lakini kama si ule jirani, basi ni nani alikulisha?”

Nilimjibu kwamba hakuna mtu. Sijui kama aliniamini. Binti alikuwa ametangulia, amesimama kusubiri, anapumua kwa mdomo. Nikamshika mkono tukashuka kuelekea kituoni, na mama akatufuata, simu mkononi.